Setilaiti Hutaja Mahali, Wananchi Hutaja Njia: Fahamu Ramani Huria na Usafiri wa Barabarani

Matumizi ya simu janja na vifaa vya GPS katika kutafuta njia yameenea nchini, kuanzia kwa dereva wa lori linalotoka Bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma hadi kwa kijana wa bodaboda anayempelekea mzigo mteja asiyemfahamu. Wengi wa watumiaji hao huamini kwamba njia wanayoiona kwenye kioo cha simu imetoka angani, katika setilaiti. Imani hiyo ina ukweli nusu tu. Setilaiti humwezesha msafiri kujua mahali alipo. Haimwambii barabara ipi inapitika, daraja lipi limesombwa na maji wala mtaa upi unaruhusu magari ya upande mmoja peke yake. Taarifa hizo hutoka katika ramani, na ramani hutengenezwa na watu.

Tofauti hiyo ina uzito katika maisha ya kila siku. Gari la wagonjwa linaloelekezwa kwenye njia isiyo na daraja hupoteza dakika ambazo mgonjwa hana. Kijiji ambacho hakimo katika ramani hakipatikani kwa anayekitafuta, hata kama kifaa chake kinapokea mawimbi ya setilaiti bila kasoro. Kwa sababu hiyo, ni muhimu kwa mwananchi kufahamu namna kifaa kinavyotambua mahali, namna ramani za kujitolea zinavyochorwa, namna njia inavyochaguliwa na nafasi aliyonayo yeye mwenyewe katika kazi hiyo.

Kazi ya kipokezi

Mfumo wa GPS ni mali ya Serikali ya Marekani. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa mwaka 1978 na mfumo ukatangazwa kukamilika mwaka 1995. Setilaiti hizo huruka umbali wa takribani kilomita 20,200 juu ya uso wa dunia, na kila moja huizunguka dunia mara mbili kwa siku. Mifumo mingine ya aina hiyo ni GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya na BeiDou ya China. Simu nyingi za sasa hupokea mawimbi ya zaidi ya mfumo mmoja.

Kila setilaiti hutangaza mfululizo mambo mawili: mahali ilipo na saa kamili ilipotuma ujumbe. Kipokezi kilichomo ndani ya simu hupima muda ambao wimbi limetumia kufika. Kwa kuwa wimbi husafiri kwa mwendo wa mwanga, yaani takribani kilomita 300,000 kwa sekunde, muda huo hugeuzwa kuwa umbali. Kipokezi huhitaji setilaiti zisizopungua nne, kwa sababu hutafuta mambo manne kwa pamoja: vipimo vitatu vya mahali na usahihi wa saa yake yenyewe. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, mahali hukosewa kwa takribani mita 300.

Hadi Mei 2000, Marekani iliharibu kwa makusudi usahihi wa mawimbi yanayotumiwa na raia, na kosa liliweza kufikia mita 100. Baada ya utaratibu huo kuondolewa, matumizi ya kiraia yaliongezeka kwa kasi. Leo simu ya kawaida ikiwa mahali pa wazi huweza kutaja ilipo kwa kosa la mita chache. Katikati ya majengo marefu au chini ya miti mingi kosa huongezeka, kwa sababu mawimbi hugonga kuta na kufika yakiwa yamechelewa.

Mambo mawili ya msingi hujitokeza hapa. Kwanza, kipokezi hupokea tu wala hakitumi chochote kwa setilaiti, hivyo hakihitaji intaneti wala salio la simu ili kujua mahali. Pili, matokeo ya kazi yote hiyo ni namba: latitudo, longitudo na mwinuko. Hakuna barabara ndani ya namba hizo.

Ramani inayochorwa na watu wengi

Barabara huingia kupitia ramani ya kidijitali. Zipo ramani za kampuni binafsi, ambazo taarifa zake ni mali ya kampuni husika. Ipo pia ramani huria ya OpenStreetMap, iliyoanzishwa nchini Uingereza mwaka 2004, wakati ambapo taarifa za kina za ramani nchini humo zilikuwa zikiuzwa kwa gharama kubwa na kutumika kwa masharti. Wazo lake ni rahisi: watu wanaoyafahamu maeneo yao wachore ramani kwa pamoja, na kila mtu awe huru kuitumia mradi ataje chanzo chake.

Kazi hiyo hufanyika kwa njia tatu zinazotegemeana. Ya kwanza ni kufuatisha picha za angani zilizopigwa na setilaiti au ndege zisizo na rubani, ambapo mchoraji huona mstari wa barabara na mapaa ya nyumba kisha huyachora. Ya pili ni kutembea au kuendesha chombo huku kifaa cha GPS kikirekodi kila mahali kinapopita. Ya tatu ni uhakiki wa mwenyeji wa eneo, ambaye huandika yale yasiyoonekana kutoka angani: jina la mtaa, aina ya barabara, jina la zahanati, uimara wa daraja.

Njia hii ya tatu ndiyo isiyo na mbadala. Mtu aliyeko Ujerumani anaweza kuchora barabara ya Kiteto kwa kuangalia picha, lakini hawezi kujua kwamba wenyeji huita kitongoji hicho kwa jina gani wala kwamba korongo lililo mbele huzuia magari wakati wa masika.

Kutoka Port-au-Prince hadi Tandale

Thamani ya ramani za kujitolea ilidhihirika duniani baada ya tetemeko la ardhi lililoikumba Haiti tarehe 12 Januari, 2010. Mji mkuu wa Port-au-Prince haukuwa na ramani ya kidijitali yenye maelezo ya kutosha. Katika siku chache, mamia ya watu wa kujitolea kutoka nchi mbalimbali walichora barabara za mji huo kwa kutumia picha za angani, na waokoaji wakapakia ramani hiyo katika vifaa vyao vya GPS. Mwaka huohuo iliundwa taasisi ya HOT, inayoratibu uchoraji wa ramani kwa ajili ya maafa na maendeleo.

Afrika Mashariki nayo ilikuwa imeanza. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, jijini Nairobi, walichora makazi yao ambayo kwenye ramani nyingi yalionekana kama eneo tupu. Mwaka 2011 wakazi wa kata ya Tandale, jijini Dar es Salaam, wakishirikiana na wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi, walichora vichochoro, visima, vyoo vya umma na mifereji ya kata hiyo.

Desemba mwaka huo huo, Dar es Salaam ilikumbwa na mafuriko yaliyosababisha vifo vya makumi ya watu na kuwahamisha maelfu ya wakazi wa mabondeni. Mafuriko hayo yalionesha hitaji la kujua kwa usahihi nyumba ziko wapi, maji hupita wapi na njia ipi hubaki wazi. Mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, uliowakutanisha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Chuo Kikuu Ardhi, Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, Benki ya Dunia na HOT. Wanafunzi na wakazi walizunguka mitaani wakiwa na simu na vifaa vya GPS, wakapima mifereji na kuwauliza wenyeji kina cha maji katika mafuriko yaliyopita.

Kwa upande wa Zanzibar, Kamisheni ya Ardhi ilianza mwaka 2016 kupiga picha visiwa vya Unguja na Pemba kwa ndege ndogo zisizo na rubani, huku wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wakishiriki kuzirusha. Agosti 2018, Dar es Salaam ilikuwa mwenyeji wa mkutano wa kimataifa wa programu huria za ramani, FOSS4G.

Vijijini, mradi wa Crowd2Map ulioanza mwaka 2015 umewaunganisha wachoraji wa nje ya nchi wanaofuatisha picha na Watanzania wanaoandika majina ya vijiji. Moja ya sababu zake ni mkoani Mara, wilayani Serengeti, ambako walio katika kazi ya kuwaokoa wasichana wanaokimbia ukeketaji walihitaji kufika vijijini usiku bila ramani ya kuaminika. Hapo ramani iligeuka kuwa suala la ulinzi wa mtoto.

Jinsi mashine inavyochagua njia

Ramani ya picha haitoshi kumwongoza dereva. Programu ya kutafuta njia huitazama barabara kama mtandao wa nukta na mistari. Nukta ni makutano, na mstari ni kipande cha barabara kati ya makutano mawili. Kila mstari hupewa gharama, mara nyingi muda wa kuupita. Kisha mashine hutafuta mfululizo wa mistari wenye jumla ndogo kuliko yote. Msingi wa hesabu hiyo uliandikwa na mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, na kuchapishwa mwaka 1959. Programu nyingi za leo hutumia hesabu hiyo au zilizotokana nayo.

Mfano ufuatao unaonesha uzito wa taarifa moja ndogo. Chukua zahanati inayofikika kwa njia mbili. Ya kwanza ni ya lami, yenye urefu wa kilomita 12, na gari huenda kilomita 50 kwa saa. Ya pili ni ya udongo, yenye urefu wa kilomita 8, lakini kwa mashimo yake gari huenda kilomita 20 kwa saa. Njia ya lami huchukua takribani dakika 14, na ya udongo dakika 24. Iwapo aliyechora ramani hakuandika kwamba njia ya pili ni ya udongo, na mashine ikaipa mwendo uleule wa kilomita 50 kwa saa, itakadiria dakika 10 na kumwelekeza dereva huko. Hesabu itakuwa sahihi, setilaiti zitakuwa sahihi, na gari la wagonjwa litachelewa kwa dakika 10.

Kwa hiyo mchoraji huandika zaidi ya mstari. Huandika daraja la barabara, aina ya tabaka lake la juu, mwendo unaoruhusiwa, uelekeo, makatazo ya kukata kona, uzito unaobebwa na daraja, na iwapo njia ni ya watembea kwa miguu pekee. Njia za mabasi yaendayo haraka jijini Dar es Salaam, maarufu kama mwendokasi, ni mfano mzuri. Zisipowekewa alama kwamba ni za mabasi hayo pekee, programu inaweza kumwingiza dereva wa gari binafsi humo na kumfanya avunje sheria.

Makosa madogo, madhara makubwa

Yapo makosa ambayo jicho haliyaoni lakini mashine huyafuata. Mistari miwili ikikatiza kwenye ramani bila kuwa na nukta ya pamoja, mashine huelewa kwamba hakuna makutano, na humzungusha dereva mbali. Kinyume chake pia hutokea. Katika makutano ya Ubungo, ambako Daraja la Kijazi lililozinduliwa mwaka 2021 limejengwa kwa ngazi tatu, barabara hupita juu ya nyingine bila kuunganika. Mchoraji akiziunganisha kwa nukta moja, mashine itamwelekeza dereva kukata kona hewani.

Vivuko navyo huhitaji uangalifu. Mstari wa kivuko hauna budi kutambulishwa kuwa ni kivuko, ili muda wa kuvuka uhesabiwe. Pale miundombinu inapobadilika, ramani nayo hubadilika. Daraja la J.P. Magufuli linalounganisha Kigongo na Busisi mkoani Mwanza, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025 na kuchukua nafasi ya kivuko. Kifaa chenye ramani iliyopakuliwa kabla ya hapo kitaendelea kumpeleka dereva kwenye gati hadi mwenye kifaa atakapopakua ramani mpya.

Jambo hili ndilo linalosahaulika zaidi na watumiaji wa vifaa vya GPS vya kwenye magari na programu zinazofanya kazi bila intaneti, kama OsmAnd na Organic Maps. Ramani iliyomo katika kifaa ni ya siku ilipopakuliwa. Hii ndiyo sababu wachoraji wa ramani huria hawaandiki ufungaji wa barabara wa siku chache. Maji ya Mto Msimbazi yakiifunga Barabara ya Morogoro eneo la Jangwani kwa saa kadhaa, kuifuta barabara hiyo katika ramani kungewapotosha kwa miezi mingi wale waliopakua ramani siku hiyo. Kwa ufungaji wa muda mfupi, chanzo sahihi hubaki kuwa matangazo ya mamlaka na maelekezo ya askari wa usalama barabarani.

Uhusiano na mifumo ya Serikali

Ramani za kujitolea haziondoi wala kuchukua nafasi ya taarifa rasmi. Barabara kuu na za mikoa husimamiwa na Wakala wa Barabara Tanzania (TANROADS), na barabara za wilaya husimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA). Aidha, mipaka ya viwanja na mashamba huthibitishwa na mamlaka za ardhi pekee. Mstari uliochorwa na mtu wa kujitolea si ushahidi wa umiliki.

Operesheni ya Anwani za Makazi iliyofanyika mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya tarehe 23 Agosti mwaka huo, iliweka majina ya barabara na namba za nyumba na kuziingiza katika mfumo wa kidijitali wa NaPA. Anwani hujibu swali la wapi. Njia ya kufika hapo hubaki kutegemea ubora wa taarifa za barabara, hasa hatua za mwisho kutoka barabara kubwa hadi mlangoni.

Umuhimu wa hatua hizo huonekana katika huduma za dharura. Katika mfumo wa m-mama, mjamzito mwenye dharura au ndugu yake hupiga namba 115 bila malipo, na pale gari la wagonjwa lisipopatikana, hutumwa dereva wa jamii mwenye chombo chake. Dereva huyo hufanikiwa kwa sababu anazifahamu njia za eneo lake. Ujuzi huo ukiandikwa katika ramani, dereva mgeni naye anaweza kuutumia wakati mwenyeji hayupo.

Namna mwananchi anavyoweza kushiriki

Kushiriki hakuhitaji shahada ya upimaji. Anayetaka kuchora hujiandikisha katika tovuti ya OpenStreetMap bila malipo na kuanza na eneo analolifahamu vizuri. Asiyetaka kuchora anaweza kuacha ujumbe mfupi mahali penye kasoro ili mwingine arekebishe. Programu ya simu ya StreetComplete humwuliza mtumiaji maswali mepesi akiwa mahali husika, kwa mfano iwapo barabara ni ya lami au ya changarawe, kisha huingiza jibu katika ramani.

Vipaumbele ni vile vinavyogusa uhai: majina ya vijiji na vitongoji, njia ya kuingia zahanati na kituo cha afya, madaraja na makalavati, na barabara zisizopitika wakati wa masika. Kila badiliko hurekodiwa pamoja na tarehe na akaunti iliyolifanya, hivyo kosa huweza kuonekana na kurudishwa nyuma.

Pamoja na uhuru huo, yapo masharti. Hairuhusiwi kunakili ramani za kampuni au vitabu vyenye hakimiliki. Majina ya wakazi, namba zao za simu na taarifa nyingine za mtu binafsi hazipaswi kuandikwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda faragha hiyo. Anayetaka kutumia ndege isiyo na rubani hupaswa kwanza kupata kibali kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA).

Mambo ya kuzingatia kwa dereva

Mtumiaji wa kifaa cha GPS anashauriwa kupakua ramani mpya kabla ya safari ndefu, kuiangalia njia nzima kabla ya kuondoka badala ya kuigundua njiani, na kupanga kifaa mahali pasipomzuia kuona barabara. Njia inayopendekezwa ikiingia mahali pasipofahamika, hasa usiku au wakati wa mvua, ni busara kumwuliza mwenyeji. Alama ya barabarani ikitofautiana na simu, alama ndiyo yenye nguvu ya kisheria.

Anayekuta kasoro hiyo anaweza kwenda hatua moja zaidi. Daraja lililovunjika litolewe taarifa kwanza katika ofisi ya Serikali ya Mtaa au ya kijiji na kwa wakala wa barabara anayehusika, ili lijengwe. Iwapo ujenzi utachukua muda mrefu, kasoro iandikwe pia katika ramani, ili dereva ajaye na mgonjwa aliyemo garini apitishwe njia nyingine.